UZI: Selimundu, mihogo ya Mtwapa na insulini ya bibi: tuzungumze jeni bila kutishana

KiooChaMaabara (mwanzisha uzi)

Hamjambo wanajukwaa.

Kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Mombasa haipiti wiki bila sauti ya mtu kuonya kwamba vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa jeni maabara, vinabadilisha DNA na karibu tutaanza kuzaa viumbe vya ajabu. Mimi kutwa nashinda maabara na damu za watu. Wengi wanaosambaza sauti zile hawajawahi kupima himoglobini yao, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, na humo ndimo lilimo badiliko la DNA ambalo Pwani hii inaishi nalo tangu enzi za mababu. Basi nimeona nifungue uzi, nianze na damu kisha twende kwenye mihogo. Maswali ruhusa, matusi hapana.

Msingi, haraka haraka. Ndani ya seli mna DNA, maandishi marefu ya herufi nne tu: A, T, G na C. Seti moja ni herufi kama bilioni 3, nawe una seti mbili, ya baba na ya mama, kila moja imegawanywa kwenye kromosomu 23. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye maagizo ya kutengeneza kitu, mara nyingi protini. Maagizo ya protini husomwa herufi tatu tatu, na kila tatu huita asidi amino yake, yaani tofali moja la protini. Chukua sentensi hii:

MTU ALA YAI

Badilisha herufi moja: MTI ALA YAI. Bado yasomeka, ila sasa mlaji ni mti. Rudi mwanzo, ufute ile T, kisha uendelee kusoma tatu tatu: MUA LAY AI. Umepata mua wa kutafuna, na baada yake upuuzi mtupu. Ndiyo maana kufutika kwa herufi moja mara nyingi huharibu kuliko kubadilika kwake. Kila kinachofuata kimesogea.

Selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, ni ugonjwa wa damu wa kurithi, na chanzo chake ni badiliko la aina ya kwanza. Kromosomu ya 11, jeni ya beta-globini (mnyororo mmojawapo unaounda himoglobini), mahali pa asidi amino ya 6: GAG imekuwa GTG. Glutamati imetoka, valini imeingia. Mnyororo ule una asidi amino 146 na nyingine zote 145 ni zile zile. Lakini valini haipatani na maji. Himoglobini ikishatoa oksijeni yake, molekuli hushikana, zikajipanga kuwa nyuzi ngumu, na seli iliyokuwa laini ikapinda. Maabara twaliona kwa macho: tone la damu kwenye kioo, tone la sodiamu metabaisulfaiti la kunyang'anya oksijeni, kifuniko juu, unaziba pembeni, unasubiri. Ukirudi kwenye hadubini, seli zilizokuwa duara zimekuwa nyembamba na zimechongoka ncha mbili. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Hizi, siku 10 hadi 20. Ndipo unapopata upungufu wa damu na macho ya manjano, na zikikwama kwenye mishipa midogo, maumivu ambayo mgonjwa hawezi kukueleza ukamwelewa.

Kwa nini Pwani? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa hapa Kenya, alizunguka akipima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Wabebaji wa badiliko hili walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na wachache mno nyanda za juu. Ramani yake ilikuwa kama imepigiwa chapa juu ya ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi: mwenye nakala moja ya S (jeni yenye badiliko) na moja ya A (jeni ya kawaida), tunayemwita AS, hana ugonjwa, na malaria kali haimpati kirahisi. Tafiti za Kilifi baadaye zimeonyesha kinga hiyo hufika karibu asilimia 90 kwa malaria kali, na wabebaji kule ni kama asilimia 15 ya watu. Sasa ukiniuliza badiliko hili ni zuri au baya, nami nitakuuliza: nakala ngapi, na mbu wako wapi?

Karibuni.

---

FomuFoo_Likoni

Asante dada. Swali la mtihani hili. Kitabu chetu kinasema mabadiliko ya jeni husababishwa na miale na kemikali. Sasa hiyo ya selimundu ilisababishwa na nini? Na je, kila badiliko lina madhara?

---

KiooChaMaabara

Mdogo wangu, mengi hayasababishwi na kitu chochote cha kutisha. Seli ikijigawanya lazima inakili herufi zake zote, na hata mnakili hodari hukosea. Kila mtoto anayezaliwa, wewe ukiwemo, huja na mabadiliko mapya makumi kadhaa ambayo baba hana wala mama hana. Mengi hutoka upande wa baba, na umri wa baba ukisonga huongezeka. Hili huwa nawaambia wazee wanaooa tena wakiwa na miaka sitini, hawalipendi.

Na mengi hayafanyi lolote. Ile GAG ya beta-globini ingegeuka kuwa GAA, mtu asingejua mpaka kufa, kwa sababu GAA nayo huita glutamati ile ile. Andika hilo kwenye mtihani, mtahini atafurahi.

Miale ya jua kali, moshi wa sigara, hivyo kweli huharibu DNA. Lakini kuna kimoja ambacho kipo jikoni na hakisambazwi kwenye WhatsApp: mahindi na njugu zilizoota kuvu. Aflatoksini ikifika ini, hugeuka kuwa kitu kinachonata kwenye DNA, na kwenye jeni ya TP53, jeni inayozuia seli isikue ovyo, mara nyingi hubadilisha G kuwa T mahali pale pale, kodoni (yaani kundi la herufi tatu) ya 249. Hapo ni saratani ya ini. Hiyo ni sumu ya kula kidogo kidogo kwa miaka. Ya kula nyingi kwa mpigo tuliiona mwaka 2004, Makueni na Kitui, watu 125 wakafa. Kuvu ile haikutoka maabara ya mtu.

---

MzeeWaKibokoni

Bi Kioo, maneno yako mazuri na Mungu akujaze kheri. Lakini mimi nauliza. Sisi twatoka Hadhramaut kule Yemeni, mababu zetu waliingia na jahazi. Haya ya selimundu si mambo ya watu wa bara na Wamijikenda? Sisi yatuhusu nini?

---

KiooChaMaabara

Shikamoo mzee wangu. Yakuhusu. Selimundu ipo Yemeni, ipo mashariki ya Saudia, ipo India, ipo Ugiriki na Sisilia. Popote malaria ilipokaa sana, utaikuta hiyo au nduguye. Saudia tangu 2004 hakuna ndoa kufungwa bila wachumba kupimwa selimundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini. Thalasemia ya beta nayo iko kwa Waarabu na Wahindi wengi, na mtoto mwenye nakala mbili huishi kwa kuongezwa damu.

Halafu, mzee, hapo Kibokoni nani hajaoa mtoto wa ami? Silaumu, ni mila na ni halali. Ila badiliko lililofichika kwa babu mmoja hukutana na mwenzake kwa wajukuu kirahisi zaidi wajukuu wakioana. Kupima ni bei ndogo kuliko shela ya bi harusi.

---

Msomi_wa_Tononoka

Na kwa vile mzee ametaja jahazi: mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa DNA ya mifupa ya watu 80 wa zamani kutoka miji ya Waswahili, Mtwapa ikiwemo. Upande wa akina mama karibu wote Waafrika. Upande wa akina baba wengi Waajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Waarabu wanaonekana zaidi baadaye. Kwa hiyo wale wanaobishana barazani nani Mswahili halisi, wote wamepata na wote wamekosa.

---

MzeeWaKibokoni

Haya basi. Bibi zetu ndio wenye mji. Hilo hata bila mifupa twalijua.

---

MamaPili_Kisauni

Mimi naandika hapa nikiwa na uchungu. Dadangu ana mtoto wa kike. Alipofika miezi saba vidole vya mikono vikavimba vyote, na nyayo, yuwalia usiku kucha. Kituo cha kwanza tukaambiwa amebanwa na mlango. Mikono yote miwili na miguu yote miwili ibanwe na mlango? Mganga naye akasema jini la kunyonya damu. Ameingia mwaka wa pili ndipo tukajua ni sikoseli. Sasa shemeji asema ugonjwa umetoka upande wetu, kwao hakuna. Na mama mkwe asema kwa kuwa ni mmoja kati ya wanne, basi watatu wanaokuja watakuwa wazima. Ni kweli?

---

KiooChaMaabara

Pole sana mamangu. Vidole kuvimba pande zote ndiyo dalili ya kwanza kwa watoto wengi wa selimundu, na kila anayesoma hapa aikariri.

Shemeji mwambie hivi, kwa upole kama waweza: mtoto wa SS, yaani mwenye nakala mbili za S, amepewa S moja na mama na S nyingine na baba. Hakuna njia nyingine ya kuipata mbili. (Nadra mzazi huwa na thalasemia ya beta au himoglobini C (badiliko jingine la beta-globini) badala ya S, na mtoto akaumwa vile vile, lakini hata hapo ni pande zote mbili.) Kwao hakuna mgonjwa kwa sababu AS haumwi. Hata yeye haumwi.

Na mama mkwe. Hesabu ya mmoja kati ya wanne huanza upya kila mimba. Mimba ya pili haijui ya kwanza ilikuwaje. Nafasi ya SS ni asilimia 25, ya AS asilimia 50, ya AA asilimia 25, na mimba ijayo ni hivyo hivyo, na ile nyingine ni hivyo hivyo. Niliwahi kuona familia ya watoto watatu wote SS, na jirani yao wazazi wote AS, watoto watano, hakuna mgonjwa.

Swali lililofichika kwenye maelezo yako ni hili: kwa nini miezi saba, na si siku ya kuzaliwa? Kwa sababu tumboni mtoto hutumia himoglobini nyingine, ya kijusi, inayotoka kwenye jeni nyingine isiyo na kosa lile. Baada ya kuzaliwa huzimwa taratibu, na beta-globini inashika kazi. Kinga inaondoka nayo. Jambo hili likumbukeni, tutalirudia.

---

MvuviTudor

Kwani hakuna dawa? Watu wamefika mwezini.

---

KiooChaMaabara

Ipo, kaka, na ndipo tunapoingia kwenye uhandisi wa jeni.

Bakteria nao hushambuliwa na virusi. Baadhi yao huweka kumbukumbu ya virusi ndani ya DNA yao, na protini inayoitwa Cas9 hutembea na nakala ya kumbukumbu hiyo ikitafuta herufi zinazolingana ili izikate. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha kwamba unaweza kuiandikia Cas9 anwani unayotaka wewe. Ndiyo CRISPR, na mwaka 2020 wakapewa Nobeli ya Kemia.

Sasa mtu angedhani wataalamu walienda moja kwa moja kurudisha GTG kuwa GAG. Dawa ya kwanza kuidhinishwa haifanyi hivyo. Mna jeni iitwayo BCL11A, hiyo ndiyo inayozima himoglobini ya kijusi. Wao wanakata swichi ya BCL11A ndani ya seli za uboho tu, na himoglobini ya utotoni inaamka tena. Kosa la S linabaki pale pale, ila limefunikwa. Kwangu mimi hili ndilo wazo tamu kuliko yote kwenye somo hili, na lilianzia kwa watu waliojiuliza swali la mtoto wa dadake MamaPili: kwa nini miezi ile ya mwanzo haumwi?

Inaitwa Casgevy. Uingereza waliiidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba 2023. Seli za mgonjwa zinatolewa, zinahaririwa maabara, kisha anapigwa dawa kali ya kufagia uboho wake wa zamani, ndipo zinarudishwa. Ni miezi ya hospitali, na dawa hiyo ya kufagia yaweza kumfanya asizae. Bei Marekani ni dola milioni 2.2. Zaidi ya shilingi milioni 280 zetu, mtu mmoja.

---

MvuviTudor

Milioni 280! Hiyo ni dawa au ni meli?

---

KiooChaMaabara

Umeuliza vyema. Wagonjwa wengi wa selimundu duniani wako Afrika, na dawa iko kwingine. Hilo linanikera kuliko sauti zote za WhatsApp.

Ila MamaPili usikate tamaa, kuna haidroksiyurea. Ni kidonge cha kawaida, nacho huongeza ile ile himoglobini ya kijusi bila kugusa herufi za jeni. Kilifi ilikuwa moja ya vituo vinne vya Afrika vilivyoijaribu kwa watoto. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2018: maumivu yalipungua, kuongezwa damu kukapungua, vifo vikapungua, na hata malaria ikapungua. Muulize daktari wa mtoto kuhusu hiyo, pamoja na penisilini ya kila siku na chanjo. Usiianze mwenyewe, lazima damu ipimwe mara kwa mara.

---

Mkulima_Mtwapa

Dada tuje kwenye shamba sasa. Mimi nina mihogo. Juu miti mizuri, majani yamejaa, ukichimba ndani ya mzizi ni kahawia, kavu, kuoza kutupu. Wale vijana wa mihogo ya kukaanga kule Mama Ngina hawanunui hata kwa nusu bei. Na nasikia hapa Mtwapa kwenye kituo cha utafiti walipanda mihogo ya GMO. Yaliishia wapi?

---

KiooChaMaabara

Ulichoeleza ni michirizi ya kahawia, virusi vinavyobebwa na inzi weupe na kwa kupeana vipande vya mbegu. Kinachouma ni kwamba hujui mpaka uchimbe. Ndiyo, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, waliijaribu mihogo hiyo shambani Mtwapa, Alupe na Kandara. Walichofanya ni kuingiza ndani ya muhogo vipande vya jeni za virusi vyenyewe. Havitengenezi protini ya kirusi. Mmea unavitumia kutambua herufi za kirusi na kuzikatakata kirusi kikiingia. Juni 2021 Mamlaka ya Usalama wa Viumbe iliruhusu hatua ya kuitoa kwa mazingira.

Upande wa sheria ni safari nyingine. Chakula cha GMO kilipigwa marufuku Novemba 2012, Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, na tangu hapo ni mahakamani. Pamba ya Bt, iliyobadilishwa jeni ijikinge na funza, tayari inalimwa tangu 2020.

---

Kadzo_wa_Rabai

Mimi napinga na sitajificha. Tatizo langu si sayansi. Leo muhogo nakata kipande kwa jirani napanda. Kesho mbegu ina mwenyewe huko Ulaya, namwomba ruhusa kupanda shamba la babu yangu?

---

KiooChaMaabara

Kadzo, swali lako ndilo la maana kuliko la viumbe, na napenda watu wabishane hapo. Kwa muhogo huu, ukishapanda, vipande unakata mwenyewe kama kawaida, kibayolojia hakuna cha kukuzuia. Lakini mbegu za kampuni zenye hataza, yaani haki ya umiliki wa uvumbuzi, ni kweli zipo, na mikataba yake inafaa kusomwa hadharani kwa Kiswahili kabla haijatiwa saini. Hapo niko nawe. Nisipokuwa nawe ni kwenye kudhani kwamba kila kilichobadilishwa jeni kina ubaya mmoja. Ngano ya Njoro BW1, iliyotolewa 2001, ilitokana na mbegu zilizopigwa miale ya gama ili jeni zibadilike ovyo ovyo, kisha zikachaguliwa zinazostahimili ukame. Hakuna aliyeandamana kwa ajili ya chapati.

---

MzeeWaKibokoni

Kuingilia maumbile ya Mwenyezi Mungu mimi sikubali. Chakula changu na dawa yangu iwe ya asili.

---

KiooChaMaabara

Mzee wangu, na bibi nyumbani anajidunga insulini?

---

MzeeWaKibokoni

Anajidunga, asubuhi na jioni. Umejuaje?

---

KiooChaMaabara

Nusu ya Mji wa Kale wana sukari, si uchawi. Insulini hiyo, zamani ilikamuliwa kwenye kongosho za ng'ombe na za nguruwe. Za nguruwe, mzee. Mwaka 1978 jeni ya insulini ya binadamu iliingizwa kwenye bakteria, nao wakaitengeneza, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Leo karibu insulini yote sokoni hutengenezwa hivyo, na bakteria au hamira iliyobadilishwa jeni. Ukitaka ya asili, ile ya asili ndiyo hiyo yenye mkia uliosokotwa.

---

MzeeWaKibokoni

Astaghfirullah. Bakteria na waendelee na kazi yao. Ila jambo moja sikubali mpaka kaburini: kuagiza mtoto kama suti. Nilisikia Mchina mmoja alifanya.

---

KiooChaMaabara

Hapo tuko pamoja, na wanasayansi wengi wako pamoja nasi. He Jiankui mwaka 2018 alihariri jeni za viinitete, yaani mimba changa kabisa, wakazaliwa mapacha, akafungwa miaka mitatu. Casgevy inagusa uboho wa mgonjwa mmoja, akifa na yenyewe imekwisha. Ukihariri kiinitete, umewahariri na wajukuu ambao hawajaulizwa.

---

MamaPili_Kisauni

Dada, mimi na mume wangu hatujapima. Tukienda tuseme twataka nini? Na mimi niliongezwa damu mwezi uliopita baada ya kujifungua, itakuwa shida?

---

KiooChaMaabara

Hongera ya mtoto. Semeni mwataka elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme. Mkipewa kile kipimo cha haraka cha kupindisha seli, kitawaambia S ipo au haipo, hakitawaambia kama ni AS au SS. Kwenye elektroforesisi zinaonekana mistari miwili mbalimbali, A mahali pake na S mahali pake. Baba aende hata kesho. Wewe subiri miezi mitatu hivi, maana sasa hivi nitakuwa napima damu ya aliyekuchangia. Mtoto anaweza kupimwa sasa, kwa kuchomwa kisigino. Mwambie mpimaji umri wake kamili, himoglobini ya kijusi bado imejaa na asiyejua umri ataisoma vibaya.